Mratibu wa Arusi na Udongo wa Kano

Mtu asimamaye Jumamosi ya mwezi wa Agosti kwenye njia panda ya Ahero, pale ambapo barabara itokayo Kisumu kwenda Kericho na Nairobi inaachana na ile ishikayo njia ya Katito, Sondu na Kisii, hakosi kuona, kabla jua halijafika utosini, msafara wa magari yaliyofungwa tepe na maua ukipenya kwa shida baina ya matatu, bodaboda na mikokoteni ya mchele, huku honi zikilia na akina mama wa sokoni wakimpigia vigelegele bibi arusi wasiyemjua hata jina. Na mtu huyo akiwa na jicho la kuchungua ataona pia, katika gari la pili au la tatu, mtu mmoja asiyecheka wala asiyepiga picha, mwenye simu sikioni na daftari kwapani, ambaye jina lake halimo katika kadi ya mwaliko, wala si akraba wa upande wowote, na hata hivyo furaha, shibe na heshima ya halaiki nzima inayongoja chini ya mahema imo mkononi mwake kwa siku ile moja.

Huyo ndiye mratibu wa arusi. Neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia neno martaba. Kwa hiyo mratibu, tukilifuata jina lake hadi ndani, ni mtu wa kukiweka kila kitu na kila nafsi katika daraja na wakati unaoistahili. Nimeanza na jina kwa sababu makosa mengi tuyafanyayo katika kumchagua mtu huyu hutokana na kusahau kazi yake ni ipi. Vijana wetu humchagua kwa kupekua picha katika simu: wakiona tao la maua, viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, keki ya ghorofa tano na taa zilizoning'inizwa mfano wa nyota, husema, "Huyu anafaa," wakatuma amana siku hiyo hiyo. Walichokiona ni kazi ya mpambaji. Mratibu haajiriwi kwa ajili ya saa ambayo mambo yametengenea, maana saa hiyo hata mtoto angeweza kuiongoza arusi. Huajiriwa kwa ajili ya saa ambayo mambo yameharibika, na saa hiyo hakuna apigaye picha.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Miaka michache iliyopita tulimwoza binti wa ndugu yangu katika kijiji kimoja cha upande wa chini wa Ahero, kule ambako majaruba ya mpunga yanakwenda yakikaribia ziwa, na kwa kuwa binti alikuwa na kazi nzuri, na mchumba wake kadhalika, kamati ilikubali kwa kauli moja kumwajiri mratibu kutoka mji mkubwa, ambaye jina lake nitalisitiri kwa kuwa muradi wangu hapa si kumwaziri mtu. Alikuja kwetu mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa Januari, wakati ardhi ya uwanda wetu huu wa Kano imekauka na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Akakitazama kiwanja, akakipima kwa hatua zake, akaisifu mandhari, akauliza binti anapenda rangi gani. Arusi ilikuwa mwezi wa Aprili.

Wageni wasioijua nchi hii hudhani kwamba mafuriko huletwa na mvua imnyesheayo mtu kichwani. Watu wa Kano hawadanganyiki hivyo. Mto Nyando hukusanya maji yake katika vilima vya Nandi na Kericho, ukateremka kwa kishindo mpaka uwandani, na ufikapo uwandani hukuta nchi imelala bapa kama sinia, maji yakapoteza haraka yote yaliyokuwa nayo na kuanza kutembea ovyo kama wageni waliokosa mwenyeji; ndiyo maana mtu aweza kulala Ahero chini ya nyota, asisikie hata tone moja juu ya mabati, akaamka alfajiri akayakuta maji mlangoni. Usiku wa kuamkia arusi yetu mvua ilinyesha Nandi.

Maji yenyewe hayakuwa mengi, wala wenyeji hawakuyapa jina la mafuriko. Lakini udongo wa Kano ni mweusi na wa kunata, na ukisha kulowa huling'ang'ania gurudumu kama mdai amwonapo mdaiwa sokoni. Lori la mahema na viti likazama hatua mia tatu kabla ya kufika kiwanjani, na gari la wapishi, lenye sufuria, kuni na mchele, likazibiwa njia na lori hilo. Ilikuwa saa moja ya asubuhi. Mratibu wetu, ambaye alikuwa amevaa viatu vyeupe, alisimama ukingoni mwa barabara akipiga simu Kisumu kutafuta trekta, na alipojibiwa kwamba trekta halipatikani siku ile, alinigeukia mimi, baba mdogo wa bibi arusi, akaniuliza swali ambalo sitalisahau: "Mzee, kwani ninyi wenyeji hamkuwa na mpango wa pili?"

Aliyetuokoa ni mama mmoja auzaye mchele sokoni Ahero, aliyekuwa amealikwa kula na kushangilia kama wageni wengine. Mama yule alijifunga leso kiunoni, akaita vijana wa bodaboda wapatao kumi na wawili wabebe viti vinne vinne. Akamtuma mtoto kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo juu kidogo ya barabara kuomba uwanja na madarasa mawili. Akawapeleka wapishi huko kwa miguu, sufuria vichwani. Akampigia mchungaji simu kumsihi ibada isogezwe mbele kwa saa moja. Na, jambo lililokuwa gumu kuliko yote hayo, akawanyamazisha wazee wa upande wetu waliokuwa wamekwisha kuanza kuteta na wazee wa upande wa pili juu ya nani aliyekichagua kiwanja kile. Chakula kiliiva saa tisa, watu wakala. Mahema yalifika saa kumi na moja, wakati hayana kazi tena ila kupigwa picha, na picha hizo, nasikia, bado huonyeshwa wateja. Mama muuza mchele alipewa kitenge na kuku mmoja, nami tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni yupi kati ya wale wawili aliyekuwa mratibu.

Wazee wa Kijaluo wasingetaabika kulijibu swali hilo. Zamani mambo ya posa yalikuwa mikononi mwa jagam, mtu wa kati, aghalabu mwanamke wa jamaa aliyeolewa katika upande wa pili au mwenye udugu huko, ambaye kazi yake ilikuwa kuchungua nasaba ili damu isije ikaoa damu, kuuliza kimya kimya juu ya tabia za nyumba ile, kupeleka neno na kurudisha neno, na kuyabeba maneno makali ya pande zote mbili bila kuyafikisha. Jagam hakuwa na daftari wala picha. Alikuwa na kitu ambacho waratibu wengi wa leo hawana: alikuwa na mahali pa kuonekana. Ndoa ikipata ila, watu walijua mlango wa kubisha hodi, naye alijua kwamba wanajua, na ujuzi huo ulimfanya awe mwangalifu kuliko shuruti yoyote iliyoandikwa.

Pwani nako mambo hayakuwa mbali na haya. Mshenga alipeleka posa na kurudi na majibu ya mahari, na somo akamchukua mwari tangu siku za kufundwa hadi siku za fungate, akijua la kumpaka, la kumvika, la kumwambia na la kumficha. Na mwari akionekana mbele za watu na kasoro, aliyesutwa ni somo. Wahindi wetu wa Kisumu, ambao wengi waliifuata reli iliyofika ziwani mwaka 1901, wana panditi wa kuichagua hata saa ya kufunga ndoa. Nayataja haya kwa kupita tu, ili asije mtu akanambia kwamba uratibu wa arusi ni jambo geni lililotujia na ile filamu ya Marekani ya mwaka 2001 ambamo Jennifer Lopez aliicheza kazi hiyo. Ugeni uliopo ni mmoja: zamani mtu huyu alikuwa mwenzetu, na leo twamwajiri.

Baina ya jagam na mratibu ikaingia kamati, nayo sitaki kuisema vibaya, maana bila kamati arusi nyingi za Ahero zisingekuwapo. Kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Hukutana Jumapili baada ya ibada, hula chapati za mama wa bwana arusi, huandaa harambee. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mjomba aliye Mombasa na shangazi aliye Nairobi hawana tena kisingizio cha umbali. Kwa kukusanya fedha kamati haina mfano. Lakini siku ya arusi yenyewe kamati huyeyuka, kwa sababu kila mjumbe wake ni jamaa, na kila jamaa ana suti mpya, na mwenye suti mpya hapendi kutumwa kuni. Tena wanakamati ishirini ni amri ishirini: mmoja atasema wapishi wapakue, mwingine atasema wangoje wageni wa kutoka kanisani, na mpishi, akiwa mtu mwenye akili, ataketi chini angoje mpaka wapatane.

Hapo ndipo mratibu anapostahili ujira wake, na hapo ndipo ninapotia shuruti yangu ya kwanza, ambayo nitaikalia kidogo kwa kuwa naiona ni kubwa kuliko zote. Mratibu asiyeweza kumwambia mwenyekiti wa kamati "hapana" hana faida hata kama anafanya kazi bure. Mjaribu siku ya kwanza. Mwambie kwamba umealika watu mia nne, lakini chakula utapika cha mia mbili na hamsini kwa sababu fedha ni chache, kisha unyamaze umtazame. Akikwambia, "Sawa mzee, tutapanga," mpe chai na nauli umwage kwa heshima. Akikuuliza wale mia na hamsini utawafanya nini, na mlangoni kwako wataongezeka wangapi wasioalikwa, maana hapa kwetu arusi haifungwi lango, na kama jirani zako wakila kwa macho utaishi nao vipi mwaka ujao, basi huyo mwekee kiti aketi, mzungumze.

Umuulize habari za chakula kabla ya habari za maua. Watu wa Ahero husahau rangi za vitambaa kabla ya Jumatatu, lakini mtu aliyekosa nyama atakusimulia wewe mwenyewe, baada ya miaka kumi, kwamba alikosa nyama. Mratibu ajue idadi ya sahani, ajue nani anayelinda sufuria, kwa maana sufuria isiyo na mlinzi huliwa na wanakamati kabla ya wageni. Ajue nani atakayewapa chakula madereva, wapiga ngoma za ohangla na wapiga picha, ambao wakisahaulika kwa njaa hulipiza kisasi kila mmoja kwa chombo chake. Na ajue jambo moja dogo ambalo limewafedhehesha wengi watokao mbali: kwamba ingawa tunaishi katikati ya mpunga, na skimu ya Ahero imekuwa ikiyavuta maji ya Nyando kwa pampu tangu miaka ya 1960 ili tupate mchele, mzee wa Kijaluo aliyelishwa pilau, wali na biriani, na asiuone ugali karibu na samaki wake, atarudi nyumbani akiwaambia watu kwamba arusini hapakuwa na chakula.

Nilisema kwamba mratibu ni mtu wa martaba; na katika boma la Kijaluo martaba si mchezo. Mikayi, mke wa kwanza, ana mahali pake, na nyachira anayemfuata ana pake, hata kama ni huyo nyachira aliyemzaa bwana arusi na ni yeye aliyevaa vizuri kuliko wote. Mkwe wa kiume na maro wake, yaani mama wa mkewe, wana haya baina yao iliyowekwa na desturi tangu zamani, na kuna nyumba ambazo kuwaketisha meza moja ya chakula ni tusi la kuita kikao cha wazee. Nimemwona mratibu mmoja, kijana mwenye adabu na nia njema, akiwapanga wazazi wote wa pande mbili katika meza moja ndefu iliyopambwa, kama alivyoona katika picha za ng'ambo, asielewe hata mwisho kwa nini mama wa bibi arusi alikaa na kiti chake nyuma ya nguzo ya hema mchana kutwa, sahani haijaguswa. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kutouliza, na zaidi nawalaumu waliomwajiri bila kumpa mtu mzima mmoja wa kila upande wa kumnong'oneza.

Kutokana na hayo nafikia maoni ambayo waratibu wenyewe huenda yasiwafurahishe. Kuna shughuli ambazo hawana haki ya kuingia. Siku ya ayie, ambapo upande wa mume huenda kwa wazazi wa binti na mama yake hupokea fedha ya kuonyesha kwamba amekubali, na siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari, si siku za kipaza sauti wala za ratiba iliyochapishwa. Ni siku za wazee kukaa, kukohoa, kunyamaza, kutoka nje, kurudi, na kukubaliana kwa mwendo wao. Mtu wa nje aliyeshika saa katika kikao hicho ni kama mtu anayehesabu rakaa za mwenzake. Serikali yenyewe, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imeziweka ndoa za mila sawa na za kanisani, za Kiislamu, za Kihindu na za kiserikali, kwa shuruti kwamba zisajiliwe; basi heshima iliyotolewa na sheria isiondolewe na mpambaji. Mratibu aje siku ya kanisa na siku ya mahema.

Na kwa kuwa nimeitaja sheria, niseme kwamba karatasi nazo zimo katika kazi yake, ijapokuwa hazipendezi kwenye picha. Wanaofunga ndoa ya kiserikali lazima watoe ilani kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla. Wa kanisani wana matangazo yao. Mashahidi wawili wawepo na waweze kutia sahihi. Na nimepata kuona, msomaji wangu, ibada nzima ikisimama madhabahuni kwa kukosa kalamu inayoandika.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako adabu hutuzuia kusema na baadaye hasara hutulazimisha kupiga kelele. Waratibu wako wa namna mbili katika malipo: kuna wanaotaka jumla moja iliyokatwa, na kuna wanaotaka sehemu katika mia ya gharama nzima ya arusi. Mimi sioni kwa nini mtu amwajiri wa namna ya pili, kwa sababu mwenye kulipwa zaidi kadiri masurufu yanavyozidi hatakuwa na hamu ya kukuonyesha hema la bei nafuu lililoko Ahero sokoni hali linaweza kuletwa la ghali kutoka Nairobi. Vilevile umuulize waziwazi kama wenye mahema, wapishi na wapiga muziki humpa chochote akiwaletea kazi. Wengi hupewa, na si haramu kupewa. Haramu ni kuficha. Akikujibu bila kugeuza macho, ukajua kiasi, mnaweza kuelewana na hiyo bakshishi ikapunguzwa katika ujira wake. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Kisha mwandikiane. Najua kwamba kwetu mtu akitaka maandishi huonekana hana imani, na kwamba mratibu mwenyewe mara nyingi ni mpwa wa rafiki wa mwenyekiti, ila amana kubwa hutolewa miezi kabla ya siku, na mwenye kuipokea anaweza kuugua, kuhama, au kupata arusi nyingine nono zaidi Jumamosi hiyo hiyo. Hati iwe fupi: atafanya nini, hatafanya nini, atakuwapo yeye mwenyewe au atamtuma msaidizi, analipwa lini, na arusi ikiahirishwa kwa msiba au kwa maji amana inakwendaje. Neno "msaidizi" litazameni kwa makini, kwa sababu walio wengi hukutana na hodari mwenye ulimi, na siku ya arusi akaja mwanafunzi wake. Na ikitokea khiyana, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 imemfungulia mwananchi mlango wa kudai haki yake isiyozidi shilingi 1,000,000 bila kulazimika kuwa na wakili, na shauri lake litolewe hukumu ndani ya siku 60. Lakini mahakama itakutaka ithibati, na picha ya keki haitakuwa ithibati.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya wenye mishahara, na kwamba mkulima wa mpunga, anayengoja mavuno ndipo aoze mwanawe, hawezi kumlipa mratibu miezi sita. Nakubali. Kwa nyumba nyingi za Kano mratibu wa siku moja anatosha, yaani yule asiyechagua kitu wala asiyenunua kitu, ambaye hupokea mipango iliyokwisha kufanywa na kamati akaisimamia siku ile hadi sufuria ya mwisho ioshwe. Ila jina lake hudanganya. Wa siku moja lazima aanze wiki tatu au nne kabla: apewe majina na simu za wote waliolipwa, azungumze na kila mmoja, akione kiwanja, ajue jenereta ni la nani na mafuta yatanunuliwa na nani stima ikikatika, ajue wenye lori watapita njia gani, ajue mahema yakae upande upi, kwa sababu mvua za huku hupenda kuja alasiri, na upepo ukitoka ziwani kwa hasira hung'oa hema lililofungwa kwa haraka. Anayekuja asubuhi ya arusi na kuuliza, "Mambo yakoje?" huyo ni mgeni mwingine wa kulishwa.

Na kama hata huyo wa siku moja humwezi, usione haya kufanya ambavyo wazee wetu wangefanya. Katika kila soko kuna mama ambaye huendesha biashara ya magunia, watoto sita, kikundi cha akiba na kesi za majirani, na hajapata kusahau deni wala jina. Mwite yeye, kaa naye, mpe mamlaka mbele ya kamati nzima, waambie wote kwamba siku hiyo neno lake ndilo neno, na umlipe kwa fedha taslimu, maana kitenge na kuku ni shukrani na si ujira. Ningependa tulijue hilo mapema sisi wa nyumba yetu. Nimemrudia mama yule baadaye na bahasha, akaipokea huku akicheka, akanambia kwamba lililomshangaza siku ile si lori kuzama, kwani malori huzama Kano kila mwaka, ila kwamba watu wazima thelathini, wengi wao wazaliwa wa hapa, walikubali kumwachia mtu wa mbali achague kiwanja bila hata mmoja wao kumwambia kwamba pale hupita maji.

Agosti i karibu, na Desemba inaifuata, na wenye mahema wa Ahero wameanza kupokea amana. Basi wewe mzazi mwenzangu, na wewe kijana uliyekwisha kuchagua rangi, kabla hujatuma shilingi yako ya kwanza mtoe huyo mratibu ofisini kwake, mlete kwa miguu yake mpaka kiwanjani pako, mwonyeshe upande ulipo mto, umuulize mvua ikinyesha Nandi usiku wa Ijumaa, yeye Jumamosi saa moja ya asubuhi atakuwa wapi, na atamwita nani.